Mhariri alitaka mama anayelia
Juzi nilikuwa Kisauni, Mombasa, kuandika habari ya wasichana wanaokwenda Saudia kufanya kazi za ndani. Mhariri wa ng'ambo alishaniagiza picha hata kabla sijatoka nyumbani: mama analia, basi. Mwenyeji wangu hakulia. Alinizungusha kwenye vyumba viwili alivyojengewa na bintiye, akanitajia bei ya mabati, ya saruji, mpaka ya misumari. Katikati ya hesabu hizo akaniambia pasipoti ya binti inashikwa na tajiri wake, na kuhama kazi bila ridhaa ya mdhamini ni kazi kwelikweli. Ndiyo kafala hiyo, mfumo wa udhamini unaomfunga mfanyakazi mgeni kwa tajiri wake. Nyumba anaipenda, roho iko juu, na alisisitiza niandike yote mawili.

Wakubwa wa nje hupenda maafa (na hulipa haraka, nisiwasingizie). Kimbunga Idai kilipopiga Beira Machi 2019, kikaua zaidi ya watu 1,000 Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, simu hazikutulia. Habari za watu kujenga upya? Wapi!

Picha niliyotuma ni ya mama akizozana na fundi juu ya dirisha lililokaa kombo. Wasipoitaka, nitaiuza kwingine.