Jinsi nilivyompatia korongo wangu jarida

Makala yangu ya kisayansi imekubaliwa na jarida, na kwa furaha niliyonayo siwezi kunyamaza. Nawaandikia ninyi mlio na modeli iliyokamilika, yaani programu ya kompyuta inayoiga viumbe na mazingira yao, na hamjui mpeleke wapi.

Modeli yangu inamhusu korongo taji, yule wa kwenye bendera yetu ya Uganda. Ndani ya kompyuta kila jozi hutafuta pa kujenga kiota katika vinamasi vya mafunjo upande wa Kabale, huku wakulima wakizidi kukausha kingo wapande viazi.

Mzee mmoja ninayemheshimu aliniambia, "Mwanangu, anza na jarida la juu kabisa, wakikukataa utashuka." Ushauri huo ulinila miezi mitano. Jarida la kwanza liliirudisha baada ya siku sita, wapitiaji, wale wataalamu wanaoikagua makala kabla ya kuchapishwa, hawajaiona: eneo dogo mno. La pili lilikaa nayo miezi minne, kisha likasema linataka data za shambani. Nikiwa katika uchungu huo, ikaja barua pepe ya jarida nisilolijua: majibu siku tatu, ada dola mia tatu na kitu. Nilishawishika. Kilichoniokoa ni kufungua toleo lao la mwisho: ekolojia, udaktari wa meno na uhasibu, vyote chungu kimoja.

Usiku huo nikachapa orodha ya marejeo yangu mwenyewe, nikashika penseli, nikawa natia alama kando ya kila jarida. Kati ya marejeo 46, kumi na moja yalitoka Ecological Modelling, ikiwamo makala ya 2006 iliyoeleza MaxEnt, mbinu ya kukadiria mahali spishi inapoweza kuishi, na ya mwaka huohuo ya Volker Grimm na wenzake iliyoleta utaratibu wa ODD wa kueleza modeli. Kumbe muda wote nilikuwa nikijibizana na watu wa jarida hilo, na makala naipeleka kwingine! African Journal of Ecology lilipata sita. Nimeliwekea data za viota.

Sikutuma palepale. Niliiandika upya sehemu ya mbinu kwa kufuata ODD, wiki tatu nzima. Nilipofika kwenye ratiba ya matukio, nikagundua kuwa katika hatua fulani korongo wangu walitaga kabla ya kuchagua mahali pa kiota. Kosa hilo nilikuwa nimeishi nalo mwaka mzima.

Kuhusu pesa: nilichagua njia ya usajili, ambako wasomaji au maktaba ndio wanaolipia na mwandishi halipi kitu. Kwa majarida yaliyo huria kabisa, yaani yanayosomwa bure na kumtoza mwandishi, ulizeni msamaha wa ada kabla ya kutuma. Uganda imo katika nchi za Research4Life, mpango unaozipa nchi za kipato cha chini machapisho ya kisayansi bure au kwa bei nafuu, na wachapishaji wengi husamehe.

Zilipita raundi mbili za masahihisho. Mpitiaji wa pili alinitaka nijaribu kubadilisha vigezo kimoja kimoja, nami nilikasirika siku mbili. Kisha nikajaribu: kina cha maji peke yake ndicho kilichokuwa kimebeba modeli nzima.