Kiti Kina Namba, Mzigo Hauna: Siku Yangu Moja Stesheni ya Syokimau

Saa kumi na nusu alfajiri

Mtaa wangu wa Mlolongo, nje kidogo ya Nairobi, haulali. Malori ya Barabara ya Mombasa yananguruma usiku kucha, kwa hiyo siamshwi na saa, naamshwa na mazoea. Naoga maji ya baridi, nakunywa chai ya jana iliyopashwa moto, kisha natia mfukoni vitu vitatu: kalamu ya wino mzito, utepe wa gundi ule wa mafundi rangi, na vipande vya leso kuukuu alivyonichania mke wangu. Kila mzigo ninaobeba nauandikia namba ya behewa na ya kiti cha mwenyewe, nao wenye rangi nyeusi naufunga kitambaa kwenye mpini. Hakuna aliyenituma kufanya hivyo. Boda mpaka stesheni ya Syokimau, inapoanzia treni ya SGR ya Mombasa, ni dakika kumi. Mimi ni mchukuzi wa mizigo, mwaka wa sita sasa.

Saa kumi na mbili kasorobo

Treni ya kwanza ya Mombasa huondoka saa mbili kamili. Hii ndiyo inayosimama njiani: Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi, Mariakani, kisha Miritini, stesheni ya Mombasa yenyewe. Kwa kuwa inasimama, ndiyo yenye mizigo ya kila namna. Anayeshuka Emali ana blanketi za mtoto wa bweni, wa Voi ana vipuri vya pikipiki, na wa Mombasa ana karibu nyumba nzima.

Kabla ya yote, mizigo hupangwa chini kwa mstari na wenyewe husogea kando, mbwa wa polisi apite akinusa. Ni dakika ninazozitazama kwa makini, kwa sababu hapo mizigo yote iko wazi, na mtu wa kazi yangu akiitupia jicho anajua asubuhi itakuwaje. Leo nilihesabu mstari mmoja: mizigo 31. Kati yake 18 haingeingia chini ya kiti hata ukiisukuma kwa goti. Nikamwambia mwenzangu, leo tutatoka jasho.

Saa moja

Mizigo ikikosa nafasi, wengi hulaumu tabia za watu tu bila kupiga hesabu. Kwenye daraja la kawaida viti ni vitatu upande mmoja wa njia na viwili upande wa pili, vinatazamana, katikati kuna kimeza. Upande wa vitatu wanakaa watu sita magoti yakigusana. Upande wa viwili wanakaa wanne. Rafu ya mizigo iko juu ya madirisha, na kipande kinachowaangukia hao sita hakina urefu zaidi ya kile cha wale wanne wa ng'ambo. Masanduku mawili makubwa yakilazwa pale juu, nafasi ya watu sita imekwisha. Wanne waliobaki waweke wapi?

Tiketi inakupa namba ya behewa na namba ya kiti. Kiti ni chako hata ukiingia dakika ya mwisho. Rafu ni ya aliyetangulia, naye aliyetangulia huwa ni kijana mwenye miguu mepesi, si mzee wala mama mwenye mtoto mgongoni. Nauli ni moja. Ilipopanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024, ilipanda kwa wote walioketi daraja hilo, aliyepata rafu na aliyekosa.

Saa moja na dakika arobaini

Leo nilimpokea shosho aliyetoka Kiambu akienda kumwona kitukuu chake Mombasa. Mjukuu wake alimleta mpaka mlangoni na kuniachia namba ya simu. Mizigo ilikuwa mitatu: begi la nguo, mfuko wa maharagwe, na kiondo cha katani kilichojaa viazi na ndizi mbichi. Behewa la 8, kiti cha 52. Alinionyesha kwenye tiketi kwamba kiti kiko kando ya njia, akamshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu goti la kulia lilipasuliwa na halikunjiki sawasawa.

Tulipofika, kiti cha 52 kilikuwa na kijana. Walikuwa marafiki watano waliokata tiketi kwa kuchelewa, viti vikatawanyika, wakaamua wenyewe kukaa pamoja. "Shosho, si uchukue changu pale dirishani? Kiti ni kiti." Alisema kwa upole, sina la kumsingizia. Lakini ili afike dirishani, shosho angepita miguu ya watu na kukunja goti lisilokunjika. Tena dirishani pale palikuwa na mama aliyekimbia kiti kinachotazama nyuma kwa sababu hutapika, na kwenye kiti cha huyo mama ameketi mwanafunzi ambaye chake kilikuwa behewa lingine kabisa. Mtu mmoja amehama ili akae na rafiki zake, na watu wanne hawajui pa kukaa, na njia imeziba kwa mabegi, na nyuma yetu kuna foleni mpaka mlangoni.

Mhudumu wa behewa alifika. Hakugombeza mtu. Aliomba tiketi, akasoma namba moja moja kwa sauti, na kila aliyetajwa akainuka. Kijana akasema, "Pole, shosho," akamshika mkono mpaka akaketi. Mama wa kutapika alibadilishana na bwana mmoja aliyekubali mwenyewe, na hivyo ndivyo inavyopasa kuwa: mwenye kiti aombwe kwanza, akikataa ni haki yake.

Kiti kikapatikana. Mizigo je? Juu ya kichwa cha shosho kulikuwa na masanduku mawili, jeusi na la zambarau, makubwa kama jokofu dogo. Nikauliza ya nani. Kimya. Nikauliza tena. Watu wanatazama nje. Yawezekana mwenyewe alikuwa behewa la 7, ameyaweka alipoona nafasi akaenda zake. Siruhusiwi kuushusha mzigo wa mtu asiyekuwepo. Begi la nguo nikalisukuma chini ya kiti, likaingia nusu. Maharagwe nikayaweka miguuni, na hivyo mguu mbovu ukakosa pa kunyooka. Kilichobaki ni kiondo.

"Wacha, mwanangu, nitakipakata." Akakiweka mapajani, akaikunja mikanda yake ya ngozi ndani taratibu, kisha akaweka viganja viwili juu kama anayemzuia mtoto asidondoke usingizini. Kutoka hapa mpaka Mombasa treni hii inachukua takribani saa sita. Filimbi ikapulizwa, nikashuka.

Saa tatu

Chai ya maziwa na mandazi kibandani. Mwenzangu anasema dawa ni kupima kila sanduku kama wanavyofanya uwanja wa ndege. Mimi sikubaliani naye kabisa. Kipimo kitamkamata mama mwenye gunia lake moja na kumwacha mwenye masanduku mawili yaliyo ndani ya kipimo. Ninachotaka ni namba. Kipande cha rafu kilicho juu ya viti sita kigawanywe mara sita, kila mgao uchorwe namba ya kiti. Sanduku lisilotosha kwenye mgao wake liende sehemu yake lenyewe, likiwa na kibandiko na risiti. Ni kazi ya rangi na brashi. Mtu akikuta sanduku la mwingine juu ya namba yake atakuwa na neno la kusema, na mhudumu atakuwa na kitu cha kusoma kwa sauti kama alivyosoma tiketi leo.

Saa nane na nusu mchana

Treni ya kutoka Mombasa imeingia. Maembe, madafu, mikeka, watoto waliolala mabegani. Wengi wanahamia treni ya mjini inayokwenda stesheni kuu, na huko hakuna namba ya kiti. Ni kusimama na kushikilia, sanduku katikati ya miguu.

Nilimsindikiza mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli tangu zama za shirika la Afrika Mashariki, lile lililovunjika mwaka 1977. Tulizungumza njia nzima. Aliniambia treni ya zamani ya Mombasa, ile iliyokoma mwaka 2017 hii mpya ilipoanza, ilikuwa na vyumba vya kulala: begi lako chini ya kitanda chako, mlango umefungwa. Nikamuuliza daraja la tatu je? Akanyamaza kidogo, akasema, "Ah, huko ilikuwa mabenchi na viwiko."

Simu ikaita tukiwa bado pamoja. Mjukuu wa shosho. Amefika, goti limevimba. Na kwamba walipopita Voi, yule kijana alitoka kwa wenzake akaja kukiomba kiondo, akakipakata yeye mpaka mwisho.

Saa tisa

Treni ya mchana ikaondoka bila vurugu. Mama mmoja tu alishangaa kuambiwa mtoto wake wa miaka miwili hana kiti. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hakatiwi tiketi, basi hana namba, atapakatwa. Wengi hawalijui hilo mpaka wakifika mlangoni.

Saa mbili usiku na ushee

Ile ya jioni imeingia kutoka Mombasa. Watu wakaisha jukwaani, akabaki bwana mmoja ameketi kwenye benchi na sanduku jeusi mbele yake, hajaligusa. Si lake. Alikosa nafasi juu ya kiti chake, akaliweka la kwake mbali, karibu na mlango, na mtu mwingine mwenye sanduku kama hilo amelibeba. Ndani ya lile la bwana mlikuwa na karatasi za hospitali, na kesho asubuhi ana miadi ya daktari.

Askari walilifungua lililobaki mbele yetu. Sare za shule zilizopigwa pasi, viatu vya mtoto, daftari lenye namba ya simu kwenye jalada. Wakapiga. Mwenyewe alikuwa amefika mjini, hata hajajua. Akageuza teksi. Bwana yule alikaa na mikono katikati ya magoti kwa karibu saa nzima, kila taa ya gari ikiingia anainua kichwa. Walipobadilishana masanduku hakuna aliyemkaripia mwenzake. Walifungua kila mmoja lake, wakatazama, wakafunga.

Saa nne kasorobo

Treni ya usiku. Abiria wamechoka kabla ya safari. Dada mmoja mwenye pacha aliniona nikibandika utepe kwenye begi la mteja, akauliza ni wa nini. Nikamweleza. Akaweka begi lake chini, kisha vibegi viwili vya watoto vyenye picha za twiga, akasema niviandike na hivyo. Nikaandika: behewa la 5, kiti cha 71, mara tatu. Leso ikanitosha begi moja. Mtoto mmoja akalia anataka ya kwake, nikakikata kile kipande kwa meno nikamfungia.