Nilivyomjua kwa jina nyigu anayemuua bungua

Nyigu anayemuua bungua wa mahindi, yule kiwavi anayetoboa mabua, kwa kutaga mayai ndani yake ni mdogo kiasi kwamba akiruka utamdhania usubi. Nilitaka kumjua kwa jina, kwani huku pwani ya Kenya wapo wawili wanaofanana: Cotesia sesamiae, mwenyeji wa Afrika, na Cotesia flavipes, aliyetolewa Pakistan na kuachiliwa huku mwaka 1993 ili ammalize Chilo partellus, bungua wa asili ya Asia.

Wavu sikuutaka. Nyigu wa wavuni hakwambii ametoka kwa mdudu gani. Nilipasua mabua yaliyotobolewa, kila bungua nikamtia kwenye chupa yake na kipande cha bua kibichi, mdomo nikauziba kwa pamba. Bua lazima libadilishwe kabla ya kuota ukungu, la sivyo umepoteza kila kitu. Bungua mwenye vimelea huzubaa, huacha kula, kisha funza wa nyigu humtoboa ngozi kwa pamoja na kujisokotea vifukofuko vyeupe, vimerundikana kama punje za mchele. Inapendeza na kutisha. Nyigu walipotoka niliwahifadhi kwenye spiriti pamoja na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: mahali, tarehe, aina ya bungua.

Kwenye hadubini nilianza na bawa la mbele. Nyigu wa vimelea wana familia mbili kubwa. Ichneumonidae karibu wote wana mshipa wa pili unaokingama katikati ya bawa. Braconidae karibu wote hawana. Wangu hawakuwa nao. Vipapasio vilikuwa na pingili 18, alama ya Microgastrinae, kundi dogo ndani ya Braconidae. Ukisoma maandishi ya zamani utawakuta ndani ya Apanteles, jenasi kubwa mno ambayo mtaalamu wa wadudu Mason aliivunjavunja kuwa jenasi ndogondogo mwaka 1981.

Spishi ndiyo iliyonitoa jasho. Majike hawatofautiani kirahisi, kwa hiyo nilichagua madume, nikachomoa via vyao vya uzazi kwa sindano nyembamba na kuvilaza juu ya kioo. Umbo lake ndilo linaloamua. Waliotoka kwenye Chilo wangu walikuwa flavipes.

Jina hilo lina kazi shambani. Flavipes akitaga ndani ya Busseola fusca, bungua wa nyanda za juu, mayai yake huzingirwa na chembe za damu za bungua na kufa. Sesamiae wa Kitale, mji wa nyanda za juu, hufaulu humo, ilhali sesamiae wa pwani hushindwa. Ndiyo maana mkulima akiniuliza habari za nyigu hawa, kwanza namwomba anipasulie bua nimwone bungua wake.