Kupima dawa ya dizeli kwa jenereta: mpira mmoja tu wa kupitisha mafuta unaweza kukupa asilimia ya bure

Dawa nyingi za dizeli zinazouzwa kwa chupa huahidi kupunguza ulaji wa mafuta kwa asilimia 10 au 15, kwa maelezo kwamba mafuta "yataungua yote". Sasa, injini nzima ya dizeli yenye mzigo wa kawaida tayari inaunguza zaidi ya asilimia 98 ya mafuta inayopewa. Kinachopotea ni joto: karibu theluthi hutoka na moshi, jingine huchukuliwa na maji ya rejeta. Huko kiongezi, yaani hiyo dawa, hakifiki. Kwa hiyo mwanafunzi wa uhandisi anayeripoti kwamba ameokoa asilimia 12, mara nyingi alichokamata ni kosa la upimaji wake mwenyewe.

Tuchukue jenereta ya kVA 20 yenye mzigo wa kW 12. Italamba kilo 3.2 hivi za dizeli kwa saa, yaani kilo 1.6 kwa nusu saa. Tofauti ya kweli unayoitafuta huenda ni asilimia 1, ambayo ni gramu 16. Jaribio zima liko kwenye gramu hizo.

Usipime kwa lita. Dizeli hutanuka kwa takribani asilimia 0.08 kwa kila nyuzi moja, na mafuta yanayorudi kutoka kwenye pampu na nozeli ni ya moto. Kopo likipanda kutoka nyuzi 28 hadi 48, umeshajipatia asilimia 1.6 bila dawa yoyote. Weka kopo juu ya mizani inayosoma gramu 1 au 2, na mpira wa kurudisha mafuta urudi kwenye kopo hilohilo. Ukiuacha umwage kwenye tangi la jenereta, utahesabu kama yameliwa mafuta ambayo hayakuungua kabisa.

Mipira nayo ina vituko vyake. Ikigusa ukingo wa kopo, ugumu wake huinua au kukandamiza mizani, na ukiisogeza kidogo usomaji unaruka. Ining'inize kwenye stendi, iingie katikati bila kugusa popote. Hata hapo haujamaliza: mpira uliozama husukumwa juu na mafuta, na mizani hubeba msukumo huo, ambao hupungua mafuta yakishuka. Mpira wa kipenyo cha milimita 12, mafuta yakishuka sentimita 10, huongeza gramu 9 hadi 10 kwenye ulaji unaousoma. Mipira miwili ni karibu gramu 19, zaidi ya zile 16 unazozitafuta! Dawa yake ni rahisi: kila jaribio lianzie kiwango kilekile cha mafuta, mipira ikiwa imezama kina kilekile, ili kosa liwe sawa pande zote.

Kwa mzigo, tumia hita za maji ndani ya pipa lililojaa maji, siyo feni na majokofu yanayojizima yenyewe. Usiamini wati zilizoandikwa kwenye hita. Nguvu yake hufuata kipeo cha pili cha volti, hivyo volti ikishuka kutoka 230 hadi 225 mzigo unapungua asilimia 4.3. Funga mita ya umeme, kisha gawa gramu kwa kWh zilizosomwa.

Iache injini ipate moto kwa dakika 40 hivi, hadi joto la maji na la oili litulie. Halafu dizeli tupu, dizeli yenye dawa, dizeli tupu tena. Hiyo raundi ya mwisho ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayofichua kwamba ulaji ulishuka kwa sababu injini iliendelea kupata moto. Kila unapobadilisha mafuta kumbuka filta bado imejaa yale ya zamani. Elekeza mpira wa kurudisha kwenye kopo la kutupa hadi yaishe. Rudia mara tano walau. Kama raundi za dizeli tupu zenyewe zinapishana kwa asilimia 1.5, usidai umeokoa asilimia 1.

Nunua mafuta yote siku moja, pipa moja, uyakoroge. Pima kwa haidromita (kifaa cha kupima uzito wa kimiminika kwa ujazo wake) kabla ya kuanza: mafuta ya taa ni mepesi kuliko dizeli, na dizeli iliyochakachuliwa itaharibu kazi ya miezi kabla hujafungua chupa ya dawa.

Siyo kwamba viongezi ni uongo. 2-EHN, kwa mililita 0.5 hadi 1 kwa lita, hupandisha namba ya seteni (kipimo cha wepesi wa dizeli kuwaka) kwa pointi kadhaa: injini huwaka upesi ikiwa baridi, mlio wa kugonga hupungua, moshi mweupe pia. Ulaji haubadiliki sana. (Usiweke dumu lake juani, joto kali huivunja kwa hatari.) Viongezi vya ulainishaji vina kazi kubwa tangu Afrika Mashariki ihamie dizeli ya salfa ppm 50 (sehemu 50 kwa kila milioni) mwaka 2015, kwa kuwa usafishaji unaoondoa salfa huondoa pia vilainishi vya asili. Hivi hupimwa kwa kovu la msuguano, yaani upana wa alama inayobaki kwenye chuma kilichosuguliwa ndani ya mafuta hayo, na kiwango cha Ulaya kinaruhusu hadi mikroni 460. Jenereta haitakuonyesha lolote kwa saa mbili. Sabuni za nozeli nazo hurudisha kilichopotea kwenye nozeli chafu. Kwenye nozeli mpya hazina cha kurudisha.

Wanaopenda kuchanganya chembe za nano (unga laini mno) kwenye dizeli, hasa oksidi ya metali ya seri, wajue kwamba ppm 50 kwa lita 5 za dizeli ni gramu 0.21 tu, kwa hiyo mizani ya jikoni haifai. Baada ya kuchanganya, mimina mililita 100 kwenye silinda ya kupimia na uiache saa 24. Ukiona utando wa manjano kitakoni, dozi uliyoandika kwenye jedwali haikufika kwenye nozeli. Imebaki chini ya kopo au ndani ya filta.