Mashini ya Papa na saa moja ya jioni

Saa 12 na nusu asubuhi. Kitu cha kwanza ninachofanya nikiamka ni kubonyeza swichi ya taa. Ikiwaka, chai nainywa nimesimama. Isipowaka, nainywa nimekaa, sina haraka ya kwenda popote. Leo imewaka. Natoka na kipande cha mkate mkononi, jakaranda zimemwaga maua yake barabarani na joto la Oktoba bado limelala.

Saa 2. Karakana yangu iko Kamalondo, mjini Lubumbashi: chumba kimoja, paa la bati, meza mbili, na msaidizi anayeniita yaya, yaani mkubwa wake, ingawa kwa kimo nafika begani mwake. Hatujamaliza kufagia, mzee mmoja tunayemwita Papa, mwalimu mstaafu, anaingia, nyuma yake mwanawe amebeba kompyuta ya nyumbani, sanduku jeusi la zamani.

“Mwanangu, hii mashini ukiiwasha unaweza kwenda kununua mikate, ukirudi iko bado nazungusha.”

Mtoto anahariri video za harusi. Video ya saa moja, anasema, mashini inaipika, yaani inaitoa ikiwa faili moja iliyokamilika, kwa saa moja na dakika 20. Rafiki yake amemwambia prosesa ya aina hii inaweza kubustwa, yaani kulazimishwa kwenda mbio kuliko ilivyopangwa kiwandani, na sasa Papa anataka kujua kama hiyo kubusta ndiyo dawa. Namwambia aniachie mpaka jioni. Wateja wote wanaolisikia neno hilo wana macho yaleyale, kama mtu aliyesikia kuna njia ya mkato ya kwenda Likasi.

Saa 3. Nafungua. Vumbi la kiangazi cha Lubumbashi, lile jekundu linaloanza Mei na kukaa mpaka mvua, limejaa kati ya feni na mapezi ya alumini. Nalivuta kwa vidole, linatoka kipande kizima kama blanketi la mtoto mchanga. Ndani yake mende wawili, marehemu. Chini ya kipoozeo, ile pasta inayopitisha joto imekauka na kupasuka kama matope ya barabara ya Katuba wiki mbili bila mvua. Naikwangua, napaka alkoholi, nasugua na kitambaa, na hapo maandishi yanatokea: Core i5-2500K.

Naita msaidizi aje aone. Hii ni prosesa ya Januari 2011, viini vinne vya kazi, GHz 3.3, na herufi K mwishoni maana yake Intel waliacha kizidishi chake wazi. Kasi ya prosesa hii ni hesabu ya darasa la pili: saa ya msingi ni MHz 100, kizidishi 33, jumla 3300. Ile 100 haiguswi sana, kwa kuwa imefungwa pamoja na njia za diski na za kadi, ukiisogeza sana diski inaweza kuanza kukosea. Kwa hiyo unacheza na kizidishi tu. Lakini herufi K peke yake haitoshi, lazima karti mere, ile bodi kubwa inayobeba prosesa, nayo ikubali. Nimeletewa K nyingi zilizokaa juu ya karti ya aina ya H61, mwenye mali amejaa matumaini, na hakuna kinachosogea. Ya Papa ni Z68. Inakubali.

Pasta mpya, kiasi cha punje ya muhindi. Feni inapakwa mafuta. Rami, kumbukumbu ya kufanyia kazi, inatoka giga 4 kwenda 8, kipande kimoja kinakataa kuonekana mpaka nisugue meno yake na kifutio cha penseli. Msaidizi anahamishia mfumo kwenye diski ya SSD, isiyozunguka, ya giga 240, ile ya kuzunguka inabaki kwa kutunza video. Mfumo ni Linux Mint, mtoto alikwisha kuhama, kwa kuwa Microsoft walifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 rasmi haizipokei prosesa za umri huu.

Saa 4 na nusu. Kabla ya kugusa kizidishi napika video ileile ya mtoto. Dakika 50.

Hapa nasimama kidogo, maana watu wengi hawaniamini. Dakika 30 zimepatikana, nyingi kwa usafi na pasta. Prosesa ilikuwa inaungua, na inapoungua inajipunguzia kasi yenyewe ili isife. Kwa miezi yote hiyo mtoto alikuwa anatumia sehemu tu ya mashini aliyonayo, na alikuja kuniomba nimwongezee kasi.

Saa 5 na nusu. Sasa starehe yangu. Naingia BIOS, mipangilio ya ndani ya mashini. Kizidishi 38, nawasha, najaribu kwa stress-ng, programu ya kuichosha prosesa, inapita. 40, inapita bila kuomba volti zaidi. 42, inaganda. Naongeza volti kutoka 1.20 hadi 1.28, inasimama vizuri. GHz 4.2! Viini vyote vinne vikifanya kazi pamoja, prosesa hii kwa kawaida inakwenda 3.4, kwa hiyo nimepata kama asilimia 23. Bei yake ni joto. Joto linapanda pamoja na kasi, tena linapanda kwa volti mara volti. Ukipiga hesabu, nimenunua kasi ya asilimia 23 kwa joto la asilimia 40. Si biashara ambayo mama yangu angeifanya kwenye soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi. Lakini kipimo kinaonyesha nyuzi 72 za joto tu, nami nimevimba kichwa.

Saa 7. Bukari, yaani ugali, sombe, na kinywaji cha munkoyo cha baridi. Wateja wawili wa chaja, sina la kusema juu yao.

Saa 8 na nusu. Bati linapiga kelele kwa jua. Chumba kimetoka nyuzi 22 za asubuhi kikafika 34, na prosesa nayo imepanda kiasi hichohicho: 84. Kipoozeo kinapooza kwa hewa ya chumba, hakina hewa nyingine. “Yaya, moto iko mingi,” msaidizi ananiambia. Najibu kwamba kikomo ni 98. Jibu la kiburi, nalijua.

Saa 1 jioni. Papa na mwanawe wamefika, nawawekea viti. Naanzisha video mbele yao. Dakika ya 11, kioo kinakuwa cheusi, mashini inajizima, inajiwasha tena peke yake. Mtoto ananitazama. Papa anatazama chini, kwa heshima.

Nachukua kipima volti, nakichomeka ukutani. Saa 5 asubuhi kilisoma 218. Sasa kinasoma 168. Ni saa ya bukari: kila nyumba ya mtaa imewasha resho, jiko la umeme, na sisi wote tunanyonya waya mmoja. Sanduku la umeme la mashini hii ni la zamani, lile lenye kaswichi kekundu cha 115 na 230 nyuma. Umeme ukiingia mdogo, kapasita zake, vile vihifadhi umeme vya ndani, zinajaa nusunusu, na mzigo ukiwa mkubwa linashindwa. Mchana nilikuwa nimeuongeza huo mzigo kwa mikono yangu mwenyewe.

(Usijaribu kukisogeza kaswichi hicho kwenda 115 eti umeme ni mdogo. Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Umeme uliporudi 220 nilisikia kishindo, nikaona moshi, na dola za mteja zilitoka mfukoni mwangu kurudi kwake usiku uleule.)

Kwenye rafu nina sanduku la umeme la okazyo, lililokwisha kutumika, lililokuja kupitia mpakani Kasumbalesa, linalokula chochote kuanzia volti 100 hadi 240. Nalifunga. Narudisha kizidishi 40, volti 1.20 ya asubuhi. Naanza upya. Msaidizi anatuletea michopo ya mbuzi kwenye karatasi, pilipili pembeni. Kipima volti kinacheza kati ya 165 na 172 na mashini haijali. Nyuzi 66.

Saa 2 na dakika 5. Imekwisha. Dakika 43.

“Kutoka 50?” Papa anauliza. Alifundisha hesabu. “Dakika saba tu njo kubusta?”

“Njo hiyo, Papa.”

Anafikiri. Naandika kwenye utepe 40, 1.20, naubandika ndani ya kifuniko ili fundi atakayeifungua baadaye ajue. Halafu naizima na kumwomba aiwashe yeye mwenyewe. Anabonyeza, ananyanyua mkono kuangalia saa yake, na kabla hajaipata mishale vizuri picha imetokea, kila kitu kiko tayari.

Papa anageukia mwanawe. “Sasa mikate nitaenda kununua saa ngapi?”