Siku moja karakanani: kufunga seti ya triga (kifyatulio) kwenye bastola ya Glock 17

Saa 2:00 asubuhi. Karakana inafunguliwa, Houston, Texas, na kazi ya kwanza ni daftari. Fundi anayepokea silaha za watu kibiashara Marekani lazima awe na leseni ya serikali ya shirikisho, na bastola itakayolala hapa huandikwa: mtengenezaji, modeli, namba, kaliba, na mwenye mali. Mteja akisubiri na kuondoka nayo siku hiyohiyo, sheria haidai iandikwe. Sisi huandika zote. Mistari miwili ya wino ni nafuu kuliko maswali ya mkaguzi.

Ya leo ni Glock 17 ya kizazi cha tatu, 9mm, ya mteja anayeshindana kwenye shabaha. Seti kainunua mwenyewe: triga ya alumini na upau wake (chuma kinachounganisha triga na pini ya kugonga), konekta nyepesi (kipande kinachouteremsha upau ili uachie pini), springi ya triga, springi ya pini ya kugonga, na kitufe cha usalama pamoja na kispringi chake.

"Fundi, nataka iwe nyepesi kabisa."

"Nyepesi utapata, kaka. Hiyo kabisa ndiyo hatufanyi."

Magazini inatoka, slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, inavutwa nyuma, chemba inatazamwa kwa jicho kisha inaguswa kwa kidole kidogo. Risasi hai zinabaki kaunta; chumba chenye meza ya kazi haziingii kamwe. Huo si uchaji. Glock haifunguki mpaka uvute triga kwanza, kwa hiyo anayeruka ukaguzi wa chemba ndiye anayetoboa ukuta.

Saa 2:30. Tunapima kabla ya kugusa chochote. Ndoano ya mizani inakaa katikati ya triga, si kwenye ncha, maana ukivuta kutoka nchani wenzo unakuwa mrefu na namba inashuka kwa uongo. Mivuto 10, kisha wastani. Glock yenye konekta ya kawaida huwa jirani ya kilo 2.5. Ikisoma 3 na zaidi, safisha kwanza, kwa sababu mafuta yaliyoganda na masizi yaliyojaa kwenye njia ya pini yanaweza kuwa ndiyo ugonjwa wenyewe. Hapohapo vipimo vya usalama vinafanyika mara ya kwanza, ili jioni tusibishane kama kasoro ilikuja na bastola au imezaliwa mezani.

Saa 3:00. Kuvua. Kifaa kimoja kinatosha: panchi ya milimita 2.4, ile ya inchi 3/32. Slaidi inatoka. Kwenye fremu kuna pini tatu: moja nyuma ya nyumba ya triga, na mbili mbele zilizopandana. Ya juu kati ya hizo mbili, inayoshika bloku ya kufungia, hutoka kabla ya pini ya triga, na wakati wa kurudisha huingia mwisho. Pini ya triga ina mfereji unaonaswa na wenzo wa kusimamisha slaidi. Ukisukuma na ikagoma, usichukue nyundo. Tikisa wenzo kidogo huku unasukuma, itatoka yenyewe. Bloku inanyanyuliwa kwa panchi, na nyumba ya triga, upau na triga vinatoka pamoja.

Kwenye slaidi, mrija wa plastiki unaozunguka pini ya kugonga unabonyezwa kuelekea mdomo wa mtutu, kibamba cha nyuma kinateleza chini, na kidole gumba kinakaa juu ya tundu muda wote. Nyuma ya kibamba hicho kuna springi mbili zenye hamu ya kuona dari. Vile vikombe viwili vya plastiki vinavyoshika springi ya pini ni vidogo kuliko punje ya mahindi; tunavifungulia ndani ya mfuko wa nailoni ulio wazi.

Saa 4:00. Hapa ndipo panapoamua kama siku itakuwa nzuri. Watu wengi hudhani kila springi laini hupunguza uzito. Kwenye Glock ya kizazi hiki haiko hivyo. Slaidi ikijifunga huacha pini imevutwa nusu, na kidole ndicho kinachomalizia kuikaza. Springi ya pini husukuma upau mbele, kinyume cha kidole. Springi ya triga huuvuta upau nyuma, upande uleule wa kidole. Kwa hiyo springi ya triga iliyo ngumu zaidi, ile ya ratili 6 badala ya 5, hufanya triga iwe nyepesi.

Malipo yake yako kwenye kurudi. Kinachorudisha triga mbele baada ya risasi ni springi ya pini, na sasa inashindana na springi ya triga iliyoongezwa nguvu. Ukiweka ya ratili 6 kwenye triga na ya ratili 4 kwenye pini, unaweza kupata triga inayorudi kwa uvivu, au inayobaki nyuma ikiwa na vumbi kidogo. Tena springi ya pini iliyolainishwa hugonga fataki, kile kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi, kwa nguvu ndogo. Fataki za kampuni ya Federal zinajulikana kwa ulaini na huwaka. Za kampuni ya CCI ni ngumu, na hapo ndipo risasi hutolewa chemba ikiwa na kidoti chepesi tu cha pini, haikulia. Ndiyo maana springi ya ratili 4 iliyokuja na seti hii inabaki mfukoni. Tunaacha ya kiwandani kwenye pini, tunabadilisha konekta na springi ya triga. Mteja anapoteza gramu chache alizozitamani na anabaki na bastola inayolia kila mara.

Kung'arisha kunafanywa kwa mkono, kitambaa cha sufi na dawa ya kung'arishia chuma, sehemu tatu tu: upau unapokutana na konekta, sikio la upau linaposukuma kitufe cha usalama, na uso wa kitufe hicho. Hatutumii tupa wala mota ya kusagia. Uso wa msalaba ulio nyuma ya upau, mahali unaposhika mguu wa pini, hauguswi kabisa. Ukibadilisha pembe yake umebadilisha kinachoizuia pini kuruka.

Saa 5:00. Kurudisha. Konekta inakaa kwenye mfereji wa nyumba ya triga mpaka ifike chini kabisa. Ikibaki imeinuka nusu milimita, slaidi itaikwaruza. Springi ya triga ikitazamwa kwa ubavu lazima ifanye umbo la herufi S. Ikifanya Z umeifunga kinyume, nayo itachoka na kukatika mapema. Upande wa slaidi, kijiti cha chuma kinachosukuma kucha ya kuvutia maganda kinaelekea mbele, na kichwa chake cha plastiki kinaelekea kibamba. Wenzo wa kusimamisha slaidi una kispringi chake, na kispringi hicho lazima kipite chini ya pini ya bloku. Kikipita juu, wenzo unabaki umeinuka na slaidi inajifungia nyuma magazini ikiwa bado na risasi. Tone moja la mafuta linawekwa pale upau unapogusana na konekta. Wanaojaza mafuta kwenye njia ya pini ya kugonga wanajitengenezea gundi.

Triga za aina hii nyingi zina skrubu ya kuzuia mwendo wa ziada baada ya pini kuachiliwa. Ikaze taratibu hadi bastola isifyatue, kisha uirudishe nyuma nusu mzunguko hivi, halafu gundi ya buluu ya kushika nyuzi za skrubu. Aliyeiacha palepale ilipoanza kufyatua ataona triga imekufa siku masizi yakiingia.

Saa 7:00 mchana, chakula. Gundi inakauka.

Saa 8:00. Kufunga kulichukua chini ya saa moja. Kuthibitisha kunachukua mchana wote, na bei yetu ina maana hapa. Kwanza ulimi wa usalama: bonyeza triga kutoka pembeni bila kugusa ulimi wa katikati, isisogee. Pili, slaidi ikiwa mkononi, vuta mguu wa pini nyuma, urudishe mpaka ukutane na kitufe, kisha usukume kwa gumba kwa nguvu: ncha ya pini isichungulie kwenye tundu. Bonyeza kitufe, na sasa pini ipite kwa uhuru. Tatu, kibamba cha kiwandani kinatolewa na kuwekwa kile cha mafundi chenye dirisha. Kupitia dirisha hilo unaona msalaba unavyoshika mguu wa pini. Unapaswa kushika angalau theluthi mbili. Pungufu ya hapo kazi inarudi mezani, hata kama triga ni tamu kama nini.

Kuna jambo ambalo seti zinazosifiwa kwa mwendo mfupi hulificha. Mwendo mtupu wa mwanzo kwenye Glock si uzembe wa mhandisi; ndio muda ambao upau unafungua kitufe cha usalama. Ukiufupisha kwa kuanzisha triga ikiwa imekwisha sogea nyuma, kitufe kinaweza kuwa kimeinuliwa nusu wakati bastola imetulia. Triga iliyokuja leo inaanza mbele kama ya kiwandani, kwa hiyo imepita.

Halafu kurudi kwa triga: vuta, shikilia, vuta slaidi na uiachie, legeza kidole polepole mpaka usikie konekta ikibofya, vuta tena. Mara 20, nusu yake ukilegeza kwa kusitasita makusudi. Mwisho, mdomo juu, triga imeshikwa nyuma, slaidi inavutwa na kurudishwa taratibu kwa mkono. Ijifunge yenyewe yote. Isipojifunga, springi kubwa ya mtutu imechoka.

Mizani tena, mivuto 10. Konekta nyepesi na springi ya ratili 6, pini ikiwa ya kiwandani, huleta kilo 2 hivi. Kwa anayeshindana IPSC, shirika la kimataifa la mashindano ya kulenga kwa bastola, daraja la Production tunamkumbusha mapema kwamba kanuni zina kima cha chini cha uzito wa triga. Akitaka kucheza huko na mizani ikasoma chini ya kima hicho, tunamrudishia springi ya kawaida.

Saa 10:00, uwanja wa kulenga. Magazini ya kwanza inabeba risasi moja, ya pili mbili, ya tatu tatu. Bastola ikilia mara mbili kwa mvuto mmoja, risasi zinakwisha kabla mkono haujapanda. Bastola inayofanya hivyo haiondoki karakanani. Baada ya hapo 50, nusu za CCI, na kila ganda linaokotwa kutazama kidoti kwenye fataki: kina kilekile, katikati.

Saa 11:30 mteja anapewa bastola tupu ikiwa wazi, vipuri vya zamani kwenye mfuko wenye lebo, springi ya ratili 4 ambayo haikutumika, na karatasi yenye wastani wa mizani wa asubuhi na wa jioni. Anauliza kama aibebe hii kiunoni. Ya kiunoni tunamshauri aiache na konekta ya kiwandani.