Nilivyojifunza kukaza ganuni ndani ya Forodha ya zamani

Ganuni niliyopewa kujifunzia, ala ya taarabu ya nyuzi za kudonoa, ilikuwa na nyuzi 78, tatutatu kwa kila sauti, na maalim hakutaka kusikia wimbo mpaka niweze kuzikaza zote mwenyewe. Mtu mzima mimi, nina kazi yangu Darajani. Taarabu nilizoea kukaa kitini na kutunza.

Darasa lilikuwa ghorofani, katika jengo la Forodha ya zamani pale Mizingani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, lililofanywa makao ya Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichoanzishwa 2002. Kuta nene za mawe na chokaa, zilizosikia mabishano ya ushuru, zinaubakisha mlio wa uzi hewani kidogo, na uzi uliopotoka unajisema wenyewe. Wanaodai jengo kama lile lingefaa hoteli, nadhani hawajasikia fidla humo ndani.

Tabu ni bahari. Madirisha yanaielekea, na unyevu hulainisha ngozi ya samaki inayobeba daraja la ganuni. Ngozi ikilegea, nyuzi zinashuka, tena si kwa kipimo kimoja. Masika ndiyo balaa. Wanasimulia kuwa Sultan Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alipeleka mtu Misri akajifunze ganuni. Nilimwonea gere bwana yule, hewa ya Cairo kavu.

Dawa niliyoiona ni kuwahi. Naitoa kwenye mfuko, naiacha izoee chumba. Vile vichuma vidogo vya pembeni, vya kupandisha na kushusha sauti ya uzi kidogo, navilaza vyote usawa mmoja. Nachukua sauti kwenye udi, ile ala ya nyuzi, uliokwishakazwa, nyuzi mbili naziziba kwa kitambaa, naukaza wa tatu. Ukikubali, nawafuatisha wenzake. Honi ya boti ikilia, naacha kabisa. Maalim aliponiona nang'ang'ana nayo alicheka: “Mwanangu, iache iondoke, hiyo ina abiria.”

Katika makamu, ile mipangilio ya sauti za muziki, hijazi haikunisumbua, nimeikulia kwenye adhana. Rasti ndiyo iliyonitoa jasho: sauti yake ya tatu haiko juu wala chini, na kichuma hakikusaidii kama sikio haliijui. Nikawa naiimba kooni njia nzima kwenda kazini, wauza samaki wakanizoea.

Siku maalim alipoipitia ganuni yangu asiguse ufunguo wa kukazia, akanipa bashrafu ya kuanzia, muziki wa ala tupu usioimbwa. Bado naipiga polepole mno. Kwenye kukaza, hapo simwogopi mtu.